Ufa Uliokatiwa Tiketi

Nchi ninayoisimulia siku hizi inaitwa Zumaridi. Zamani iliitwa Matopeni, na mimi naikumbuka kwa jina hilo, kwa sababu matope yake nimeyakanyaga. Jina lilibadilishwa na Bodi ya Mandhari kwa hoja moja fupi: hakuna mtu atakayefunga safari kwenda kutazama Matopeni. Wenyeji hawakuulizwa. Nalisema mapema ili nisije nikalisahau, na mimi si mtu wa kusahau.

Nilifikaje? Hilo halina faida kwa mtu. Nilifika. Nikakuta bonde lililofunikwa na msitu wa mvua, msitu ambao miti yake inasukumana kama watu kwenye mgawo wa unga. Katikati umepita mfereji ulionyooka, wenye malango kumi na mawili ya kupandishia na kushushia mashua. Ukingo wake mmoja ni tuta refu la mawe na udongo. Chini ya tuta hilo, chini kuliko maji yenyewe, kuna kijiji kiitwacho Chini ya Tuta, nyumba mia tatu. Mtu akisimama uani kwake pale kuanika nguo, mashua zinapita juu ya kichwa chake.

Sheria kuu ya nchi ni Sheria ya Macho. Inasema kila kizuri huchakaa kwa kutazamwa, kama sabuni inavyoisha kwa kuogewa. Ushahidi upo ofisini: picha ya rangi ya mkurugenzi wa kwanza, iliyotundikwa mkabala na dirisha miaka ishirini, ikapauka hadi uso ukafutika. Wataalamu walithibitisha kwamba imechakazwa na macho ya makarani. Niliuliza juu ya jua linaloingia dirishani. Nikajibiwa kwamba jua si mtumishi wa Bodi.

Kwa hiyo macho yakagawanywa. Mgeni mwenye tiketi anaruhusiwa vivutio kumi na tisa, kimoja kimoja, kwa zamu. Mwenyeji haruhusiwi hata kimoja, kwa sababu wenyeji ni wengi, wako pale kila siku, na wangetazama bure hadi nchi iishe. Nyumba hazina madirisha upande wa mfereji. Anayepita tutani huinamisha kofia upande wa maji, na mwanamke huvuta leso. Wakikutana husalimiana hivi: "Umepita salama?" Na jibu ni, "Nimepita, sijaona."

Nimetembea nchi ambamo mnyonge amenyimwa shamba, na nyingine amenyimwa neno. Hii ilikuwa ya kwanza kwangu kumkuta amenyimwa kutazama shimo alilochimba babu yake.

Nilipewa mtembezaji, mtu mwembamba mwenye sauti tamu, jina lake Fumo. Yeye naye ni mwenyeji, kwa hiyo alitembea kinyumenyume, uso wake kwetu wageni na mgongo wake kwa vivutio.

"Nyuma yangu," alisema, "mnauona Mfereji Mkuu, kivutio cha kwanza. Maji yake ni ya bluu kama kito. Mfereji ulianza siku ulipotazamwa na mgeni wa kwanza."

"Kabla ya hapo ulikuwa wapi?" nikauliza.

"Kabla ya hapo haukuwa kivutio, bwana."

"Nani aliuchimba?"

Fumo akatabasamu kwa adabu. "Swali hilo halimo kwenye matembezi ya asubuhi."

Nikayatazama maji. Yalikuwa ya kahawia, mazito, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nikamtazama Fumo. Alikuwa anasema kweli tupu kama alivyofundishwa. Miaka kumi na minne amewaonyesha watu mfereji ambao hajawahi kuuona.

Tulifika lango la tano. Pale alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mikono imekomaa kwa chuma, anazungusha gurudumu la lango. Mgongo wake ulikuwa kwenye maji, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Huyo ndiye Bi Mwatumu. Lango lile lilishikwa na babu yake, na mama yake, na sasa yeye, na alilifungua na kulifunga kwa masikio tu. Fumo aliposogea mbele na wageni wengine, nikabaki nyuma kumwangalia.

"Mgeni," aliniita bila kugeuka. "Macho yako yana tiketi?"

"Yana tiketi, mama. Ila ni ya vivutio kumi na tisa."

"Basi nitazamie kimoja cha ziada, Mungu atakulipa." Akashusha sauti. "Leo siku ya kumi na moja nasikia maji yanapiga mluzi ndani ya tuta. Maji haya nayajua. Yakiingia langoni yanakoroma, yakitoka yanapiga kofi. Mluzi sijawahi kuusikia, na hapa nina miaka thelathini na moja."

"Mbona hukuiambia Bodi?"

"Nikisema kuna ufa, wataniuliza nimeuonaje. Aliyetazama huhamishiwa ng'ambo ya msitu, asisikie hata tone. Nikinyamaza, hapo chini yuko binti yangu Mize na wanawe wawili, na watu wa nyumba mia tatu. Haya, wewe msomi, niambie nifanye lipi."

"Mimi si msomi, mama. Kusoma nilijifundisha."

"Afadhali. Tazama basi."

Nikainama juu ya ukingo. Tiketi yangu iliniruhusu uso wa maji tu. Hatua nne kutoka langoni, jiwe moja lilikuwa limeachana na lenzake, na katikati yao ulishuka ufa unaoingia mkono hadi kwenye kiwiko. Maji yaliingia humo yakizunguka, yakivuta majani makavu na kuyameza. Upande wa kijiji hakukuwa na cha kuonekana bado. Katika nchi ya mvua kila ukuta hulowa.

"Upo," nikasema. "Na unakunywa."

Bi Mwatumu hakulia wala hakushtuka. Alishika gurudumu kwa mikono miwili, akalishika sana.

"Mgeni!" Sauti tamu ya Fumo ilitoka mbele. "Nasikia visigino vyako vimegeuka."

"Vimegeuka."

"Umetazama ukingo."

"Nimetazama ufa."

"Ufa haumo kwenye tiketi, bwana," alisema kwa huzuni ya kweli, akatoa mfukoni kitambaa cha adabu, akanifunga macho. Kivutio cha sita hadi cha kumi na tisa nilivipita nikiwa gizani. Sikukosa mengi. Maporomoko hufunguliwa saa tisa alasiri na mtu mwenye spana. Nyani weupe, kivutio cha nane, hawajaonekana tangu miti yao ilipokatwa ili kujenga jukwaa la kuwatazamia.

Kesho yake Bi Mwatumu aliitwa mbele ya Baraza la Bodi, kwa kuwa Fumo, kama sheria inavyomlazimu, aliripoti. Nami niliitwa. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Shebwana, mzee nadhifu, mpole, asiyempandishia mtu sauti. Nimeshahukumiwa na watu wa aina mbili, wenye kelele na wapole, na wapole ndio waliokaa na mimi muda mrefu zaidi.

"Dada yetu Mwatumu," alianza, "ulijuaje kuwa kuna ufa?"

"Kwa masikio, Mheshimiwa."

"Masikio husikia sauti. Ufa ni umbo. Umbo ni kazi ya macho."

"Basi nimesikia sauti ya umbo."

Watu wakacheka nyuma ya ukumbi. Shebwana akangoja wamalize. "Kusikia si ushahidi, dada yangu. Kama kusikia kungekuwa ushahidi, nchi hii ingejaa mashahidi. Na kama ulitazama, unajua adhabu yake."

"Mheshimiwa, mimi nihamishe hata leo. Lakini mtume mtu akazibe."

"Hatuwezi kuziba kitu ambacho hakijathibitika kuwapo."

Nikasimama. Nikasema nimeuona kwa macho yangu mawili. Katibu akasoma tiketi yangu kwa sauti, akaonyesha kwamba niliutazama ufa nje ya kibali, na jambo lililoonwa bila kibali halijaonwa. Mjadala ukaendelea kuanzia asubuhi hadi mvua ya alasiri. Walijadili je, jicho likiteleza ni kosa la jicho au la shingo. Walijadili je, ufa ni sehemu ya ukingo, au ni pale ambapo ukingo haupo. Wajumbe wawili waligombana hadi wakaombana radhi. Muda wote huo mluzi uliendelea, na mwanamke mmoja tu ukumbini alikuwa akiusikia.

Ndipo mjumbe mmoja kijana wa Idara ya Masoko akanyoosha mkono. "Waheshimiwa, kinachokosekana ni shahidi halali. Mgeni huyu anaweza kuutazama ufa kihalali endapo ufa utakuwa kwenye tiketi. Naomba tuusajili. Kivutio cha ishirini."

Nilidhani anatania. Wakampigia makofi. Wakapiga kura, wakapiga muhuri, tukapelekwa tutani. Wao walisimama wameupa mgongo, mimi nikatazama, nikaapa kwamba upo. Mheshimiwa Shebwana akanishika mkono kwa furaha.

"Sasa umethibitika," akasema.

"Sasa zibeni."

Uso wake ukabadilika, kama nimetamka neno chafu mbele ya watoto. "Ndugu mgeni, hicho ni kivutio. Vivutio haviguswi."

"Mheshimiwa, kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta."

Akatoa daftari, akaiandika methali yote. "Nzuri sana. Na ukuta huo, unaonaje, utafaa kuwa kivutio cha ishirini na moja?"

Bi Mwatumu alisamehewa, akapewa cheti cha Mvumbuzi chenye picha ya ua. Mimi nilipewa kazi: Shahidi wa Ufa, wa kuupima kila asubuhi na kutangaza upana wake. Niliikubali ili nibaki. Wakajenga jukwaa la mbao juu ya tuta lile lile linalopasuka. Wakaweka kibao, USIGUSE, na ubao wa chaki. Nilipoandika shibiri moja na nusu, wageni walipiga makofi. Nilipoandika mbili, walipiga vigelegele. Mgeni mmoja alinilalamikia kwamba jana yake ulipanuka haraka zaidi.

Chini kijijini, kisima cha Mize kilianza kujaa chenyewe. Masika yalikuwa yamebakisha siku sita.

Bodi ilileta askari wa kulinda kivutio, Koplo Hamduni, jitu la kifua kipana ambalo lilizaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Mize. Siku ya pili ya zamu yake, Bi Mwatumu alimpelekea muhogo wa kuchemsha, akasimama naye akila. Mimi nilikuwa kwenye ubao wangu wa chaki, nikasikia yote.

"Hamduni, mwanangu, ukisimama hapa unaelekea wapi?"

"Msituni, mama. Ufa uko mgongoni. Ni kivutio, siruhusiwi kuuona."

"Na askari wenzako?"

"Wote vivyo hivyo. Nchi nzima hakuna askari awezaye kutazama hapa."

"Na ukisikia kishindo nyuma yako?"

"Nitaandika nimesikia kishindo."

"Na kusikia ni nini mbele ya Bodi?"

Koplo akaacha kutafuna. Akahesabu kwa vidole nyumba za jamaa zake wote. Mwisho akameza, akafuta midomo.

"Kusikia si ushahidi," alisema. Kisha, akiutazama msitu bila kupepesa, "Mama, udongo mzuri wa kufinyangia uko nyuma ya mkuyu, karibu na kilabu cha zamani. Hauna mchanga."

Kesho yake watu wa Chini ya Tuta walikuja saa sita mchana. Sikilizeni hapo: mchana, jua utosini, mahali pekee katika nchi nzima ambapo mkono wa serikali haukuwa na macho. Walipanda tuta watu mia mbili na zaidi, na vikapu vya udongo, na mawe, na magogo ya kushindilia, leso na kofia zimeinamishwa. Bi Mwatumu alifunga lango la juu akafungua la chini, na maji ya sehemu ile yakaanza kushuka, yakikoroma. Hamduni alisimama wima, mgongo kwetu, bunduki begani.

Wakaanza kazi macho yamefumbwa. Ilikuwa fedheha. Mmoja alimwaga kikapu mferejini, mwingine akamshindilia mwenziwe kidole. "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. Nikavua koti nililopewa la Shahidi wa Ufa, nikashika gogo mwenyewe, lakini mtu mmoja mwenye macho hatoshi kwa ufa wa shibiri tatu.

"Fumbueni," alisema Bi Mwatumu.

Hakuna aliyefumbua. Msiwacheke. Walifundishwa tangu maziwa ya mama kwamba wakitazama, mfereji utaisha, na kama utaisha, lango litaisha, na kazi, na mlo. Hata aliye radhi kuvunja sheria hataki kuivunja nchi.

Bi Mwatumu akageuka. Miaka thelathini na moja mgongo wake ulikuwa upande ule. Akageuka kama lango zito linavyogeuka, akavua leso kichwani, akafumbua macho. Akatazama maji. Akatazama muda mrefu, kushoto hadi kulia, bila kupepesa, kama mtu anayejaribu kukimaliza kitu kwa makusudi.

"Mfereji upo?" mtu akauliza, macho yamefumbwa.

"Upo."

"Umepungua?"

"Mbona mkubwa hivi!" alisema, na sauti yake ikavunjika. "Jamani, mbona mkubwa hivi!"

Wakafumbua mmoja mmoja. Maji yalikuwa yameshuka kiasi cha kuonyesha mawe ya chini, na kila jiwe lilikuwa na alama iliyogongwa kwa patasi: samaki, jembe, mwezi. Bi Mwatumu alishuka magotini akapapasa jiwe moja lenye alama ya kitana. Bibi yake aliwahi kumwambia kwamba babu hakujua kuandika, ila aligonga kitana, kwa kuwa kuchonga vitana ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya kuchukuliwa kuchimba. Wengine nao walianza kutafuta ya kwao. Aliyewaambia waache utalii washike kazi alikuwa yeye mwenyewe. Wakashika. Udongo, jiwe, gogo. Udongo, jiwe, gogo. Sasa vikapu vilifika vinapotakiwa.

Katikati ya kazi likaja kundi la wageni, na Fumo mbele yao kinyumenyume. Watu wakaganda. Mtembezaji akisikia, ataripoti; ameshawahi.

"Nyuma yangu," alisema Fumo, "ni kivutio cha ishirini, Ufa wa Ajabu."

"Na hawa wanaouziba?" mgeni mmoja akauliza. "Ni sehemu ya kivutio?"

Fumo akatega sikio. Alisikia mashindilio. Alisikia, naamini, pumzi za watu mia mbili waliokuwa wakimngoja.

"Ndiyo," akasema. "Ni ngoma ya asili. Huchezwa mara moja tu." Kisha, pasipo kulazimishwa na mtu, visigino vyake vikageuka.

Alitazama maji.

"Ya kahawia," alisema. "Miaka kumi na minne nimewaambia watu bluu." Akaweka kipaza sauti chake chini, akakunja suruali, akauliza udongo uko wapi.

Shimo la mwisho lilikuwa dogo, la kuingia ngumi. Bi Mwatumu alichukua cheti chake cha Mvumbuzi, akakikunja mara nne ndani ya tonge la udongo, akalisukuma humo kwa kiganja. Akafunga lango la chini, akafungua la juu. Maji yakapanda, yakakoroma, yakapiga kofi. Alisimama kichwa ameinamisha. Sote tukangoja.

"Hakuna mluzi," akasema.

Masika yalinyesha siku tisa. Chini ya Tuta walilala pakavu. Mheshimiwa Shebwana alifika na miavuli na makatibu, akasimama ameupa ukingo mgongo.

"Koplo, ufa upo?"

"Siwezi kujua, Mheshimiwa."

"Kumetokea nini hapa?"

"Nilisikia kishindo. Nimeandika."

Shebwana akanigeukia mimi, mtu pekee mwenye jicho la sheria. Alikuwa mpole kama kawaida. "Ndugu shahidi, umeona nini?"

"Nimeona watu," nikasema.

Katibu akafungua tiketi. Watu hawamo kwenye tiketi. Nilihukumiwa pale pale: kitambaa cha adabu hadi mpakani, na nisirudi. Niliambiwa baadaye kwamba Bodi inaendelea kuuza kivutio cha ishirini, kwamba maji hushushwa kidogo kwa ajili yake, na kwamba wageni wanalipenda jiwe lenye kitana.

Hamduni alinishika mkono kuniongoza juu ya tuta, macho yangu yamefungwa, maji upande wangu wa kushoto. Mbele yetu zikaja nyayo, nyingi, za watu watokao mashambani. Sikusikia leso ikivutwa. Mwanamke mmoja, nadhani Mize, akaita salamu ya njia ile:

"Mmepita salama?"

Nikangoja koplo ajibu, kwa kuwa yeye ndiye aliyevaa sare. Mkono wake ulinibana kidogo. Hakushusha sauti hata chembe.

"Tumepita, dada," alisema. "Tumeona."